Kwaya Iliyoungua Canterbury, na Mwimbaji Aliyeandika Habari Zake



Tulipoanza kuandaa kijitabu hiki cha Yubile tulikutana na tatizo ambalo hatukulitarajia. Kwaya yetu inatimiza miaka 50, lakini daftari la kwanza la kumbukumbu tulilolipata linaanza mwaka wa kumi na moja. Miaka kumi ya mwanzo imo vichwani mwa wazee wachache, na wazee wenyewe hawakubaliani. Mama mmoja anasema viti vya kwanza vya kwaya vilikuwa mbao zilizowekwa juu ya matofali. Mwenzake wa besi anakataa katakata: anasema waliimba wamesimama miaka miwili mizima. Tuliwasikiliza wote wawili, tukacheka, kisha tukaona kwamba si jambo la kucheka. Wakiondoka hao, nani atajua?

Katika mazungumzo hayo ndipo zilipozuka habari za kwaya nyingine, ya mbali na ya zamani sana, ambayo miaka yake migumu tunaijua karibu mwaka kwa mwaka. Tunaijua kwa sababu mmoja wa waimbaji wake alikaa chini akaandika. Ni kwaya ya Kanisa Kuu la Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza, ambalo jina lake sisi Waanglikana tumelizoea kwa ajili ya Askofu Mkuu wake. Tumeona vyema tuwasimulie.

Kwanza tueleze neno lenyewe. Kwetu kwaya ni watu. Katika Kiingereza, na katika Kilatini kabla yake, neno hilo lina maana mbili: waimbaji, na pia ile sehemu ya kanisa wanamoimbia, kati ya ukumbi wa waumini na madhabahu. Katika makanisa makubwa ya Ulaya ya karne ya 12 sehemu hiyo ilikuwa kama kanisa ndani ya kanisa. Canterbury waimbaji walikuwa watawa wa Mtakatifu Benedikto, wanaume watupu, walioketi safu mbili zikitazamana, upande mmoja ukiimba mstari wa zaburi na upande wa pili ukiitikia. Walikusanyika mara saba mchana na mara moja usiku, na katika kila juma walizimaliza Zaburi zote 150. Wale miongoni mwetu wanaolalamika kuhusu mazoezi ya Jumatano na Jumamosi watafakari hayo.

Ukuta uliwatenga na watu. Muumini wa kawaida aliyesimama ukumbini alizisikia sauti tu. Wenye sauti hakuwaona vizuri.

Sehemu hiyo ya kwaya ya Canterbury iliwekwa wakfu mwaka 1130, na sifa zake zilifika mbali. Dari yake ilikuwa ya mbao, imechorwa kwa rangi nzuri, na juu ya dari kulikuwa na paa lililofunikwa kwa mabamba ya risasi. Kumbuka hayo mawili, dari la rangi chini na risasi juu, maana ndiyo yaliyoleta msiba.

Tarehe 5 Septemba 1174, alasiri, upepo mkali ulikuwa ukivuma kutoka kusini. Nje ya lango la monasteri nyumba ndogo tatu zilishika moto. Watu walikimbilia huko na ndoo za maji, na moto wa nyumba hizo ukazimwa, nao wakarudi makwao wakidhani mambo yamekwisha. Kumbe cheche zilikuwa zimepeperushwa hadi paa la kanisa, zikapenya kwenye maungio ya risasi na kutua juu ya mbao zilizokuwa zimeanza kuoza. Moto ukawaka humo katikati. Aliyesimama chini aliona dari lililopakwa rangi likiwa salama, na aliyekuwa nje aliona risasi ikiwa salama. Risasi ilipoanza kuyeyuka ndipo watu walipopiga kelele kwamba kanisa linaungua, lakini wakati ulikuwa umeshapita. Watawa na watu wa mji walipanda na mashoka na maji, wakashindwa na moshi. Boriti ziliangukia viti vya waimbaji, na viti vyenyewe vikawa kuni za kuongeza moto. Nguzo za mawe zilipasuka kwa joto.

Aliyetuachia habari hizi ni Gervase, mtawa aliyekuwa na miaka kama kumi na moja hivi ndani ya monasteri hiyo. Viti vile vilivyoungua vilikuwa viti vyake pia. Anaeleza bila kuficha kwamba watu walijipigiza kwenye kuta na kung'oa nywele, na wengine walithubutu kumlaumu Mungu na watakatifu wa kanisa hilo. Kwa maoni yetu hapo ndipo uandishi wake unapotuvuta. Mwandishi wa kanisa angeweza kabisa kusema kwamba wote waliinama na kuomba.

Baada ya hapo kwaya iliimbia wapi? Ukumbini, kwa waumini. Waliweka madhabahu pale, wakajenga kijiukuta kifupi kuwatenga kidogo, wakaendelea na zaburi mchana na usiku. Gervase anasema siku za mwanzo kilichotoka vinywani mwao kilifanana zaidi na kilio cha matanga kuliko wimbo. Walikaa hivyo miaka mitano na miezi saba. Yeye aliliona jambo hilo kuwa aibu na uhamisho, kama wana wa Israeli kutolewa katika nchi yao. Sisi tunaoimba kila Jumapili tukiwatazama waumini usoni tunalisoma tofauti kidogo. Kwa miaka hiyo mitano, muuza samaki na mama aliyebeba mtoto walisimama hatua chache tu kutoka kwa waimbaji, jambo ambalo hapo awali lisingewezekana.

Likaja suala la kujenga upya. Mafundi waliitwa kutoka Ufaransa na Uingereza, wakapishana. Baadhi walisema nguzo zilizopasuka zinaweza kutengenezwa. Wengine wakapinga, wakisema yeyote anayetaka kuimba humo kwa usalama lazima akubali kubomoa yote. Watawa waliumia kusikia hayo, maana walizipenda nguzo zao.

Miongoni mwa mafundi hao alikuwamo mtu kutoka mji wa Sens, Ufaransa, jina lake William, hodari katika mbao na mawe. Walimchagua yeye. Alikaa nao siku nyingi akikagua kuta juu na chini, ndani na nje, na katika siku hizo hakuwaambia ukweli wote. Alijua ni lazima kubomoa, lakini aliona wangali na majonzi, akanyamaza hadi mioyo yao itulie. Wakati huohuo alikuwa akitayarisha vifaa. Walipotulia ndipo alipokiri kwamba nguzo haziponi. Katika kamati yetu tulibishana juu ya jambo hili zaidi ya jioni moja. Kuna waliosema fundi aliwadanganya wenye kazi. Kuna waliosema alifanya kama daktari mwenye busara. Hatukupatana, na tumeona heri tuliache hivyo.

Mwaka wa kwanza wote ulipita katika kubomoa na kukusanya mawe. Mawe mazuri yalitoka Caen, ng'ambo ya bahari, upande wa Normandy, na William alibuni mitambo ya kupakia na kupakua mawe melini. Kisha aliwapa waashi vigezo, yaani maumbo yaliyokatwa tayari, ili kila mwashi achonge jiwe lake likae sawasawa na la mwenzake hata kama hawakuonana. Mwaka wa pili, kabla ya majira ya baridi, nguzo nne zilisimama, mbili kila upande. Baada ya baridi ziliongezwa mbili. Kazi ikapanda hivyo, nguzo baada ya nguzo.

Kilichokuwa kikijengwa kilikuwa kitu kigeni machoni pa Waingereza wengi. Miaka thelathini nyuma, karibu na Paris, katika abasia ya Saint-Denis, Abate Suger alikuwa amejenga upande wa madhabahu kwa matao yaliyochongoka juu badala ya matao ya nusu duara, na kwa mbavu za mawe zinazobeba dari. Tao lililochongoka husukuma uzito chini zaidi kuliko pembeni, kwa hiyo ukuta hauhitaji kuwa mnene kama wa ngome. Na ukuta ukipungua, dirisha linaongezeka. Kazi ya Suger iliwekwa wakfu mwaka 1144. William alileta mtindo huo Canterbury, na wengi husema ndipo ulipoanza kujengwa Uingereza kwa kiwango kikubwa. Siku hizi mtindo huo huitwa Gothiki.

Gervase analinganisha ya kale na mapya kama mtu anayehesabu mali ya urithi. Nguzo mpya ni nene kama za zamani, lakini ni ndefu zaidi kwa futi 12 hivi. Zamani vichwa vya nguzo vilikuwa vitupu, sasa vimechongwa majani. Zamani mchoraji wa mawe alitumia shoka, sasa anatumia patasi. Zamani hapakuwa na nguzo za marumaru, sasa hazihesabiki. Zamani dari lilikuwa la mbao zilizochorwa, sasa ni la mawe mepesi. Na kabla ya kuanza ulinganisho huo alifanya jambo ambalo sisi tulichelewa kulifanya: aliandika kwanza jinsi kanisa la zamani lilivyokuwa, pembe kwa pembe, kwa sababu alijua kwamba likishabomolewa hakuna atakayelikumbuka. Humo mwake anakiri kwamba mambo kama haya yanaeleweka vizuri zaidi kwa macho kuliko kwa maandishi. Aliandika hata hivyo.

Mwezi wa Septemba 1178, mwaka wa tano wa kazi ulipoanza, William alikuwa juu akitayarisha kufunga dari kuu. Ghafla miti ya jukwaa ilivunjika chini ya miguu yake. Alianguka kama futi 50, yaani mita 15 hivi, pamoja na mawe na mbao. Hakuna mwingine aliyeumia. Hakufa, lakini hakuweza kusimama tena. Kwa muda aliongoza kazi kutoka kitandani, akimtumia mtawa mmoja kijana aliyekuwa akiwasimamia waashi. Hata hapo wivu ulizuka, kwa nini huyu mdogo aonekane ana akili kuliko waliomzidi mali na nafasi. (Mwanakwaya yeyote aliyewahi kuona kijana wa juzi akipewa solo atakuwa ameelewa mara moja.) Waganga walishindwa, William akavuka bahari kurudi kwao Ufaransa.

Aliyepokea kazi aliitwa William pia. Huyu alikuwa Mwingereza, na Gervase anamweleza kuwa mdogo wa umbo, hodari wa kazi nyingi, na mwaminifu.

Watawa walikuwa wamechoka kungoja. Walimwomba fundi awawezeshe kuingia ndani ya kwaya mpya kwa Pasaka ya mwaka 1180. Jengo halikuwa limekwisha. Upande wote wa mashariki ulikuwa wazi. Kwa hiyo fundi alisimamisha ukuta wa mbao kukinga upepo na mvua, akatia ndani yake madirisha matatu ya vioo. Wapendwa, tuliposoma hapo tulitazamana. Kanisa kuu la Uingereza, lenye mawe ya Caen na marumaru, liliadhimisha Pasaka likiwa na kizibo cha mbao ubavuni, kama sisi tulivyokaa miaka na mabati ule upande wa kushoto tukingoja fedha. Mkesha wa Pasaka, tarehe 19 Aprili 1180, waliingia kwa maandamano, Askofu Mkuu akiwa mbele, wakaimba tena mahali pao.

Upande wa mashariki ulimalizika mwaka 1184, tena kwa kusuasua. Mwaka wa tisa wa ujenzi hakuna jiwe lililowekwa kwa sababu fedha zilikwisha. Gervase anaandika hivyo waziwazi, bila kumlaumu mweka hazina.

Tuseme pia juu ya kosa moja zuri la jengo hilo. Ukisimama katikati ya kwaya ya Canterbury leo na kutazama madhabahu, utaona safu za nguzo hazikwendi sambamba. Zinakaribiana kama barabara inayoingia darajani, kisha zinapanuka tena. Aliyezoea makanisa ya Ufaransa anaweza kudhani fundi alikosea vipimo. Sababu ni minara miwili ya zamani, wa Mtakatifu Anselm na wa Mtakatifu Andrea, iliyosimama kushoto na kulia na kuuokoka moto. Hawakutaka kuibomoa. Kwa hiyo kwaya mpya ililazimika kujibana ipite katikati yao. Kanisa letu nalo lina lile chumba la mawe la kwanza, ambalo wenzetu wengine wanataka liondolewe ili upanuzi unyooke. Suala hilo liko mbele ya baraza la kanisa, na hatutalisemea hapa. Tunataja tu kwamba Canterbury walipinda.

Vioo navyo. Juu, karibu na dari, palipangwa mababu wa Kristo, zaidi ya watu 80, kufuata ukoo wake katika Injili, wakianza na Adamu. Adamu huyo bado yupo, ingawa amehamishwa dirisha: amejifunga ngozi kiunoni, ameinamia koleo lake, anachimba shamba. Hana utukufu wowote, ni mkulima kazini. Mwaka 2021 wataalamu waliopima kemikali za vioo hivyo walitangaza kwamba huenda baadhi ya mababu hao walitengenezwa kabla ya moto wa 1174. Ikiwa ndivyo, basi mtu fulani aliviokoa na kuvirudisha katika jengo jipya.

Chini yake, mashariki kabisa, madirisha yanaonyesha watu wa kawaida walioponywa: vipofu, wagonjwa, mtoto aliyekufa akafufuka, na mfanyakazi mmoja wa Gloucester aliyefukiwa na udongo alipokuwa akitandaza mabomba ya maji. Watu hawa walikuja, au walisemekana kuja, kwa ajili ya Thomas Becket. Becket alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury aliyeuawa ndani ya kanisa hilohilo tarehe 29 Desemba 1170 na mashujaa wanne wa Mfalme Henry II, na mwaka 1173 akatangazwa mtakatifu. Umati wa mahujaji na sadaka zao ulisaidia sana kulipia mawe tuliyoyataja. Upande ule wa mashariki ulijengwa kumngoja yeye.

Alingoja muda mrefu. Mwili wake ulilala katika kanisa la chini ya ardhi hadi Askofu Mkuu Stephen Langton alipopanga kuuhamishia juu tarehe 7 Julai 1220. Langton alikuwa msomi wa Biblia, na alichagua mwaka huo kwa makusudi: ulikuwa wa 50 tangu Becket auawe. Alikumbuka Mambo ya Walawi 25 na kuufanya mwaka wa yubile. Mfalme kijana Henry III alihudhuria, na watu walikuja kutoka nchi mbalimbali hata mji ukawashinda kuwalaza. Askofu alitoa chakula cha farasi njiani na divai mjini bila malipo. Wanahistoria wa zamani wanasema deni la sherehe hiyo liliwaelemea hata maaskofu waliomfuata. Mweka hazina wa Yubile yetu ameomba sentensi hiyo ichapishwe kwa herufi nene. Tumemkatalia, ila ameahidi kuisoma kwa sauti.

Tangu hapo Canterbury iliendelea kuadhimisha yubile ya Becket kila miaka 50, mwaka 1270, 1320 na kuendelea. Kisha mwaka 1538 Mfalme Henry VIII aliamuru kaburi hilo livunjwe, dhahabu na vito vyake vikachukuliwa. Miaka miwili baadaye monasteri ikafungwa na watawa wakatawanyika. Leo mahali pa kaburi ni sakafu tupu, na mshumaa mmoja huwaka pale.

Kwaya haikufa. Wanaume na wavulana walipokea uimbaji katika sehemu ileile, chini ya mbavu zilezile za mawe ambazo William wa kwanza hakuwahi kuziona zikikamilika. Kwa karne nyingi ilikuwa hivyo, wanaume na wavulana. Kwaya ya wasichana ya Canterbury iliimba kwa mara ya kwanza mwaka 2014. Soprano wetu walipoambiwa tarehe hiyo walisema maneno ambayo hayafai kijitabu cha kanisa.

Katika ukumbi wa chakula, karibu na mlango wa jikoni, tumeweka meza ya picha za zamani za kwaya. Nyingi hazina majina. Kalamu zipo. Ukimtambua mtu, hata kama ni kwa joho tu au kwa jinsi alivyosimama, andika nyuma ya picha jina lake, sauti aliyoimba, na mwaka ikiwa unaukumbuka. Mama yetu wa mbao na matofali na mzee wetu wa besi wataketi mezani hapo kuanzia saa nane mchana. Daftari jipya litakuwa mbele yao, na kila mmoja ana ukurasa wake.